Jiko la Kuni la Bibi: Maswali ya Wasomaji wa Amu (Lamu)

Barua za mwezi huu zimefanana. Wengi walioandika ni wajukuu, wakwe na watoto wanaotaka kumtoa mzee wao kwenye moshi, na karibu wote wanauliza kwanza wanunue jiko gani. Sisi tungependa waanze na chumba. Jiko la miaka mingi limeshazoeana na ukuta wake, dari yake, upepo wake na mkono wa anayelipikia. Ukiling'oa bila kuvitazama hivyo, jiko jipya litawaka pabaya hata kama ni zuri vipi.

"Bibi yetu anakaa nyumba ya mawe ya ghorofa. Kidari cha meko, yaani chumba cha kupikia, kiko juu, jiko ni la kujengwa, na bomba la moshi limeoza kwa kutu. Tunataka kulivunja tumwekee la gesi. Tuanzie wapi?" (Mjukuu, Mkomani)

Anzeni na jivu. Jiko lizimwe siku 3 kamili kabla ya mtu kulishika. Kaa lililofunikwa na jivu huweza kukaa hai zaidi ya siku nzima. Likitiwa kwenye gunia au ndoo ya plastiki, tena juu ya sakafu iliyobebwa na boriti, moto huanza usiku watu wakiwa wamelala. Jivu lichotwe kwa koleo la chuma, litiwe kwenye debe la bati lenye kifuniko, na debe liwekwe nje juu ya jiwe. Mkitaka kulimwagia maji, myanyunyize kidogo kidogo na uso uwe mbali, kwa sababu mvuke wake unaunguza.

Kisha bomba. Tandikeni turubai chini, fundi afunike pua na mdomo, na vipande vishushwe kimoja kimoja kuanzia juu. Bomba lililooza humeguka mkononi, kwa hiyo mmoja ashikilie kwa kamba na mwingine afungue. Masizi yaliyomo msiyapulize wala msiyagonge ovyo. Ni kuni ambayo haijamaliza kuungua.

Hapo ndipo mtakapoona mambo mawili ambayo jiko lilikuwa limeyaficha. La kwanza ni boriti. Pale bomba lilipopita, zikwangueni kwa kisu. Ikiwa weusi ni wa juu tu na chini yake mti ni mgumu, osheni masizi yakaishia hapo. Ikiwa mti umegeuka mkaa na kisu kinazama sentimita 1 au zaidi, msizibe wala msipake rangi. Mwiteni fundi anayejua nyumba za mawe apime kama boriti hiyo bado inabeba dari.

La pili ni ukuta, na hili wengi hawalijui. Matumbawe yaliyojenga nyumba ni mawe yale yale yanayochomwa tanuuni kutoa chokaa. Ukuta uliokaa nyuma ya moto mkali miaka na miaka, uso wake huanza kulegea na kugeuka unga. Ugongeni kwa mpini wa nyundo: palipo pazima hulia kavu, palipooza hulia kama mtungi mtupu. Kwangueni mpaka mfike jiwe gumu, loanisheni, kisha jazeni kwa chokaa sehemu 1 na mchanga sehemu 3, kila tabaka lisizidi sentimita 1.5. Kila tabaka lifunikwe kwa gunia bichi siku kadhaa ili lisikauke haraka likapasuka. Mchanga usiwe wa ufuoni, una chumvi. Saruji nayo msiitie: huziba ukuta usipumue, unyevu na chumvi hutafuta njia pembeni yake, na baada ya muda plasta hutoka kipande kizima pamoja na uso wa jiwe.

Mkitaka kuziba tundu la bomba upande wa nje, kupanua dirisha au kugusa paa, pitieni kwanza ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa. Mji wa Kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na kazi za nje ya nyumba zina utaratibu wake. Ofisi hiyo pia inawajua mafundi wa chokaa.

Mwisho wa swali hili ni bibi mwenyewe. Kama amezoea kupika ameketi kwenye kibao, msimwekee meza ya kusimama. Jengeni kijukwaa cha kimo cha sentimita 35 au 40, jiko likae juu yake, na mtungi usimame pembeni sakafuni, si chini ya jiko. Na la zamani msilivunje mpaka awe amelipikia hilo jipya wiki 2 hivi. Kuna majiko mengi mapya yaliyofunikwa kanga kwenye pembe za nyumba kwa sababu hakuna aliyemuuliza mpishi.

"Sisi tunatoa jiko bovu la chuma tuweke jingine la kuni la chuma, jipya. Bomba la zamani tulitumie?" (Mkwe, Langoni)

Likague kabla ya kuamua. Libonyeze kwa bisibisi kila sentimita 20, hasa kwenye viungo na mshono. Bisibisi ikizama au bati likibonyea kama karatasi, litupwe. Kwa hewa yetu ya chumvi, bati jembamba lililokaa miaka kadhaa mara nyingi halifai kurudishwa.

Ukinunua jipya, mita ya kwanza kutoka kwenye jiko iwe chuma cheusi cha unene wa milimita 1 au zaidi, au chuma cha pua. Bati la zinki lisikae hapo, maana zinki haivumilii joto hilo na moshi wake una madhara. Upana wa bomba ulingane na mdomo wa jiko. Kulipunguza ili litoshee bomba ulilonalo ndiko kunakorudisha moshi ndani. Vipande vikiungwa, ncha nyembamba ya kipande cha juu iingie ndani ya kile cha chini, ili lami ya moshi ikiteremka irudi motoni badala ya kuvuja nje ukutani. Mafundi wengi huweka kinyume chake, wakidhani wanaikinga mvua. Kila kiungo kipigwe skrubu 3.

Bomba tupu lisilo na kinga likae sentimita 45 kutoka kwa chochote kinachoungua: boriti, mbao, makuti, pazia. Ikiwa nafasi haitoshi, weka bati la kinga kati yake, lakini liache uwazi wa sentimita 2.5 nyuma, juu na chini pawe wazi ili hewa ipite. Bati lililobandikwa moja kwa moja juu ya ubao halikingi. Linapitisha joto huku likikuficha ubao unavyoungua. Kona zisizidi 2. Kipande kinacholala kiinuke sentimita 2 kwa kila mita, kisilale sawasawa.

Juu ya paa, bomba lipite angalau sentimita 90 kutoka pale linapotokea, na lizidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Mdomo uwe na kofia, kwa ajili ya mvua na kwa ajili ya kusi, ambayo ikivuma huusukuma moshi urudi jikoni. Tazama pia dirisha la jirani. Vichochoro vyetu ni vyembamba, na moshi uliomtoka bibi yako ukaingia kwa bibi wa mwenzio haujaondoka.

"Bomba letu si la chuma. Ni la kijivu, kama simiti, nene. Tulikate kwa msumeno?" (Langoni)

Hapana. Mabomba ya kijivu ya zamani ya namna hiyo huenda yana asbesto, ambayo nyuzi zake zikivutwa puani huleta magonjwa ya mapafu na saratani miaka mingi baadaye. Likiwa zima halina haraka. Hatari ni kulikata, kulitoboa, kulipiga nyundo au kulifagia likiwa kavu. Liacheni lilivyo, msiliunganishe na jiko jipya, na ulizeni NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Asbesto ni taka hatari kisheria, na huchukuliwa na wenye leseni ya kazi hiyo, si punda wa takataka.

"Jiko la shangazi ni la makuti na kuta za udongo, anapikia mafiga matatu. Tunataka kumwekea jiko la kuni lililoboreshwa lenye bomba. Tulipitishe bomba kwenye makuti?" (Matondoni)

Msilipitishe. Bomba la chuma ndani ya makuti ni moto unaosubiri siku ya kaskazi kavu. Hata mkilizungushia bati, joto na cheche za vifuu na makumbi zitafika, na makuti yakishika hayaachi muda wa kuokoa godoro.

Mna njia mbili. Ya kwanza, bomba litoke kwenye ukuta wa udongo, lipande nje ya nyumba likiwa mbali na ukingo wa makuti, na mdomo wake uzidi kimo cha paa kwa mita 1.8. Hiyo ni gharama, na bomba refu la nje linahitaji nguzo ya kulishikilia. Ya pili, ambayo kwa nyumba ya makuti ndiyo tunayoipenda, ni jiko lisilo na bomba lakini lenye kula kuni kidogo, ndani ya banda lililo wazi pande mbili, lililojitenga na nyumba ya kulala.

Jiko lenyewe: nunueni moyo wa udongo wa kuchomwa, ule unaouzwa na wafinyanzi, wenye vishikizo 3 vya sufuria. Mkiujenga wenyewe kwa matofali ya kuchoma, chumba cha moto kiwe mraba wa sentimita 12 hivi, kuni ziingie kwa mlango wa chini, na ndani ya mlango pawekwe kibati kinachobeba kuni ili hewa ipite chini yake. Bila kibati hicho kuni hulalia jivu, hewa hukosa njia, na jiko jipya hutoa moshi kama mafiga. Uwazi kati ya sufuria na ukingo wa jiko uwe sentimita 1 tu, ndio unaoubana moto ukaushike ubavu wa sufuria. Kwa hiyo pimeni sufuria ya shangazi ya kila siku kabla ya kujenga, si ile mnayodhani anaitumia.

Nje ya moyo huo shindilieni udongo wa kichuguu uliokandwa na majani makavu yaliyokatwa. Msitie mawe ya matumbawe wala kokoto za ufuoni karibu na moto: matumbawe hugeuka chokaa, na jiwe lililonyonya maji huweza kupasuka kwa kishindo. Kaushieni kivulini wiki 2 hadi 3. Moto wa kwanza uwe wa vijiti, nusu saa, siku 3 mfululizo. Wanaowasha moto mkubwa siku ya kwanza ndio wanaolalamika kuwa jiko limepasuka.

Juu ya jiko ning'inizeni bati kwa waya, lishuke sentimita 10 au zaidi chini ya makuti. Na jueni hili mapema: moshi ulikuwa ukifukuza wadudu kwenye makuti. Ukipungua, kagueni paa kila mwaka, huenda mkaezeka mapema zaidi ya mlivyozoea.

"Gesi tunainunua Mokowe tunaivusha kwa mashua, kisha punda mpaka nyumbani. Kuna la kuangalia?" (Kijana, Amu)

Lipo, tena kubwa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutulia mahali pa chini kama maji. Kwenye mashua mahali hapo ni ngama. Mtungi uliolazwa ngamani karibu na mashine ni hatari kwa kila aliyepanda. Usimame wima juu, pa wazi, umefungwa kamba, kifuniko kikiwa mdomoni, na hapana sigara karibu. Juu ya punda uwe wima ndani ya shogi (kikapu cha mizigo cha punda) na upande wa pili utiwe uzito wa kulingana nao. Ukifika, usimamishe kwa muda utulie kabla ya kuufunga.

Dukani, dai upimwe. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mwili wake. Jumlisha kilo 6 au 13 za gesi, ndio mzani unaotakiwa kuonyesha.

Regyuleta iwe ya shinikizo dogo, ya majiko ya nyumbani. Ile ya majiko makubwa ya biriani ya harusi ni ya shinikizo kubwa. Ukiifunga kwenye jiko dogo moto huruka nje ya kichwa chake. Kabla ya kufunga, tazama mpira mdogo wa mviringo ulio mdomoni mwa mtungi: ukiwa umepasuka au haupo, urudishe mtungi. Bomba la mpira liwe la gesi hasa, urefu wa mita 1 hadi 1.5, lisipite nyuma wala chini ya jiko, na libanwe kwa klipu ncha zote mbili. Nunua klipu za chuma cha pua, maana za kawaida kwa hewa yetu hushika kutu zikalegea. Ukikunja mpira ukaona nyufa, ubadilishe siku hiyo hiyo.

Jaribio: koroga sabuni kwenye kikombe cha maji mpaka itoe povu, fungua mtungi huku vichwa vya jiko vikiwa vimefungwa, pakaza povu kwenye regyuleta, viungo na urefu wote wa mpira. Mapovu yakikua, inavuja. Usijaribu kamwe kwa kiberiti. Rudia kila ukibadilisha mtungi.

Kwa nyumba za ghorofa kuna jambo la ziada. Gesi ikivuja kidarini hushuka ngazi ikaingia vyumba vya chini, ambako kuna friji na taa. Ukisikia harufu, funga mtungi, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, toa watu, fungua milango ya juu na ya chini, na mngoje mpaka harufu iishe kote, si jikoni tu. Wafundishe watoto wote wa nyumba hilo. Bibi naye aonyeshwe kuzima kwa kufunga mtungi kwanza, moto ufe wenyewe, ndipo afunge kitufe cha jiko.

"Masika mama anaingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Akimaliza anasema kichwa kinamgonga. Ni umri?" (Binti, Shela)

Dada yetu, usiuhesabu umri. Mkaa ukiwaka ndani pasipo hewa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea, na huua mtu akiwa usingizini. Mkaa usiotoa moshi ndio unaodanganya zaidi, kwa sababu jicho haliwashi. Leo jiko litoke nje, barazani au chini ya bati, hata kwa mvua. Akipata dalili hizo tena, mtoeni penye hewa mara moja na mpelekeni hospitali, mkieleza wazi kuwa alikuwa na mkaa chumbani. Kufungua dirisha moja hakutoshi, na jiko la mkaa lisilale chumba kimoja na mtu hata likionekana limezimika.

"Jiko la chuma tulilomnunulia baba limetoboka kwa mwaka mmoja. Anachoma mbao za jahazi bovu. Ni jiko baya?" (Kizingitini)

Huenda jiko halina kosa. Mbao za chombo zimekunywa chumvi, na chumvi ikiungua hutoa gesi inayokula chuma. Vivyo hivyo magogo yaliyoletwa na maji. Rangi ndiyo mbaya zaidi: rangi za zamani za vyombo huwa na risasi na shaba, na moshi wake humwingia baba na chakula chake. Zitumieni mbao hizo kwa kazi nyingine. Kuni za jiko ziwe kavu, zenye nyufa kwenye ncha, zikigonganishwa zilie kali. Zikatwe unene wa mkono wa mtoto na zikae chini ya paa miezi 6.

"Mama mkwe amekubali gesi, ila anasema wali wa nazi bila kupaliwa makaa juu si wali, na mkate wa sinia utawekewa wapi makaa ya juu? Anawasha tena jiko la zamani ambalo fundi alishasema si salama." (Mke wa mwanawe, Amu)

Ana haki ya wali wake, na msibishane naye. Kwa siku za kawaida, wali ukikauka maji, tia bapa la chuma zito juu ya moto wa gesi ulio mdogo kabisa, weka sufuria juu yake, funika kwa mfuniko mzito uliovikwa kitambaa safi, ncha zake zikafungwe juu ya mfuniko zisifikie moto. Dakika 20 zinatosha. Atakuambia si sawa na makaa, na kweli si sawa, lakini utaiva.

Kwa Ijumaa na kwa wageni, mnunulieni jiko dogo la mkaa la udongo na bati, likae kidarini pa wazi au uani, mbali na mtungi kwa mita 3 au zaidi. Hapo atapalia wali na kuoka mkate wa sinia. Hatari ya kupalia iko kwenye kubeba: makaa husafirishwa kwa kijiko kutoka chombo kimoja hadi kingine, na moja likianguka kwenye jamvi au mkeka hakuna anayeliona. Jiko na sufuria vikae kando kwa kando, hatua moja tu, juu ya sakafu tupu. Tumieni koleo refu, na sinia ya bati yenye mchanga iwe katikati.

Jiko la zamani lifanyieni jambo moja ili lisiwashwe tena: toeni bomba, zibeni mlango wake wa kuni kwa matofali mawili na udongo, na juu yake mama awekee mitungi yake ya maji. Makaa ya kupalia yakiisha kazi yatiwe ndani ya debe la mchanga mbichi, na debe lilale nje mpaka kesho yake.